Siku Niliyoweka Dau kwa Tisa Mbili

Shangazi yangu Nafula,

Habari hii nilitaka nikupe kwa mdomo, wewe ukiwa umekaa mkekani kwako Nabuyonga na kanga kiunoni. Tangu tukuzike haiwezekani tena, basi naandika. Nimemshinda Bwana Kirpal. Ndiyo, yule yule muuza vipuri, jirani wa duka lako la zamani Jinja. Na nimemshinda kwa mkono wa karata ambao wengi wangeuogopa.

Unazikumbuka Jumapili zetu za mvua, baada ya wewe kufunga duka lako la vitenge Jinja na kuhamia Mbale? Tulicheza poka kwa maharage makavu, na aliyeshindwa alipika malewa, yale machipukizi ya mianzi. Siku moja jirani alisikia tunavyobishana kwa Kiswahili, ambacho kwao ni lugha ya wanajeshi, akachungulia dirishani akauliza kwa woga, "Kuna afande hapa?" Ulicheka mpaka karata zikakuponyoka. Ukamwambia, "Hakuna afande, mama. Sisi watu wa Bungoma ndivyo tunavyogombana."

Kwako ndiko nilikojifunza kwamba mkono mzuri hausumbui, na mkono mbovu unatupwa tu. Kazi iko kwenye mkono wa katikati. Siku moja nilishika kumi mbili, na kwenye karata za mezani, zile za wote, palikuwa na mfalme. Nikagonga meza, maana yake napita, siweki kitu. Ukafunua nane mbili.

"Ungeweka dau ningekufuata, ningeweka kama lako!" ukafoka. "Mbona ulinyamaza?"

"Niliogopa una mfalme mwingine."

"Huyo mfalme ulimwona wapi? Mezani au kichwani mwako?"

Ukanikalisha chini. Ukasema kabla ya kuweka dau kwa mkono wa katikati nijiulize: yuko mwenye mkono dhaifu kuliko wangu atakayenifuata? Au yuko mwenye mkono bora nitakayemtisha akimbie? Kama hayupo huyu wala yule, nigonge meza ninyamaze. Kama yupo, niweke bila kusita. Siku hiyo nilipika malewa huku nimekununia.

Mwezi uliopita wacheza karata wa Jinja walifanya shindano lao la mwaka. Mshindi ndiye anayekwenda kuwakilisha mji kule Nairobi. Baba aliposikia nakwenda alisema karata ni za wahuni. Nilimjibu kwa heshima kwamba dada yake hakuwa mhuni, nikaondoka Mbale alfajiri. Ukumbini wanawake tulikuwa wachache. Mwanamume mmoja akaniuliza kama nimemsindikiza mume. Nikamwambia nimekuja kushinda, na sikuwa natania.

Mchana kutwa nilimtazama Bwana Kirpal kabla hatujakutana. Amezeeka, ndevu zimekuwa nyeupe pe, lakini vidole bado vyepesi. Niliona kitu kimoja: akipata karata kubwa hawezi kungoja. Anaweka dau hapo hapo, kama mtu anayefukuza nzi. Na kingine: hapendi kuondoka bila kuona. Akiwa na jozi yoyote, hata ndogo, lazima akufuate ajue ulikuwa na nini.

Jioni tukabaki wawili. Akanikazia macho.

"Wewe ni mtoto ya Nafula?"

"Mtoto wa kaka yake, bwana."

"Hiyo macho ni yake," akasema, akanipa karata nigawe.

Nilipata malkia na tisa. Mezani zikafunuliwa mfalme, tisa na nne. Nilikuwa na tisa mbili basi, mkono wa katikati kabisa. Akagonga, nami nikagonga, maana nilitaka kumsikiliza kwanza. Ikaja karata ndogo. Akagonga tena, nami vilevile. Ya mwisho ikawa saba. Akaitazama mara mbili, akagonga mara ya tatu.

Shangazi, mezani palikuwa na mfalme, na nilijua kwa Bwana Kirpal hayupo. Mfalme asingemkalia kimya mara tatu. Mwenye mkono bora wa kukimbia sikumwona. Lakini mwenye mkono dhaifu wa kunifuata alikuwa amekaa mbele yangu. Nikasukuma vibao vyangu vya dau vilivyotosha kufunika vyote alivyobakiwa navyo. Watu waliotuzunguka wakaguna.

Alihesabu vibao vyake. "Unanidanganya," akasema. Akasukuma vyake vyote, akafunua saba, ikawa mbili na ile ya mezani. Nikafunua tisa.

Hakukasirika. Alinipa mkono, akaniomba nikae tunywe chai, ndipo akaniambia jambo ambalo hukuwahi kunitajia. Kwamba zamani ninyi wawili mlifika mwisho wa shindano hili hili. Kwamba ulishika kumi mbili na mezani palikuwa na mfalme, ukagonga. "Mimi nilikuwa na sita mbili," akasema. "Angeweka dau, ningemfuata, ningemalizika. Aliniogopa bure. Baadaye nikamshinda, nikaenda Nairobi mimi."

Nilishika kikombe chai ikapoa. Miaka yote niliamini unanifundisha ulichokiweza. Kumbe ulinifundisha ulichokikosa, ukanifokea mimi ili woga ule usipate mrithi.

Sikuhurumii, Shangazi. Ungekataa huruma. Najivunia wewe zaidi kuliko siku nilipodhani hukuwahi kuogopa. Wengi wakikosa kitu huwaambia watoto kwamba hakifai. Wewe ulinielekeza mlango wenyewe, ukanisukuma.

Baba ameacha kusema juu ya wahuni. Jana aliniuliza kama Nairobi kuna baridi, akanipa sweta lake. Nitalivaa. Siendi kubahatisha wala siendi kulipiza. Nakwenda kwa sababu najua kucheza, na nitakapokaa kwenye meza ile sitaomba karata nzuri. Wanipe zozote.

Lala salama, bingwa wangu.

Binti wa kaka yako,
uliyemfokea akasikia.