Kuta Sita za Ghala

Nambambo, Nachingwea
8 Septemba 2024

Kwa mpwa wangu Teodosia,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, isipokuwa sikio la kulia nalo limeamua kulifuata la kushoto, ndiyo maana naandika wala sipigi simu. Mke wangu Dafrosa hajambo. Wewe na watoto wako mnaendeleaje?

Najua utashangaa. Miaka sita bila salamu ni mingi. Mohamedi, dereva wa lile Fuso la korosho, kaniambia kigango cha kanisa huko Likunja kimekupa kazi ya mabenchi kumi na mawili, yawe tayari kabla ya Noeli, na kwamba mbao za mninga hazishikiki kwa bei. Basi mimi ninalo ghala la babu yako. Siku hizi ufuta tukishaupepeta tunaupeleka moja kwa moja kwenye ghala la chama, na hili letu limebaki na panya wawili, nao nadhani wako mbioni kuhama. Babu yako alilijenga kwa mbao za mninga zilizoachwa na Wazungu wa mradi wa karanga. Nitalibomoa nikuletee lote. Nimeshamwambia Mohamedi mbele ya watu kwamba ni lote.

Mjomba wako,
Kasmiri

Likunja, Ruangwa
17 Septemba 2024

Shikamoo mjomba,

Sisi wazima, sijui ninyi huko. Pole na masikio.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikamuuliza Mohamedi kama kweli uliiandika mwenyewe. Mama alipofariki, wewe ndiye uliyebaki wa kuniamulia. Nikataka kwenda kujifunza useremala, ukasema mwanamke hashiki randa, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikaenda bila baraka yako. Miguu yangu mizima, mjomba, ila nusu ya kidole nimeiacha kwenye msumeno. Sasa sijui nikushukuru kwanza au nikuulize umekula nini. Acha nikushukuru.

Kazi hii ndiyo kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Nikichelewa wanampa fundi wa Ruangwa mjini, na wapo wanaoomba iwe hivyo. Kwa hiyo nakuomba, usitumie shoka. Gonga ubao kwa nyuma, taratibu, msumari ukichomoza ndipo uung'oe. Mbao usizipige randa wala kuziosha. Nataka kuziona zilivyo.

Mpwa wako,
Teodosia

Nambambo
6 Oktoba 2024

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Hapa jua kali, mikorosho inaangusha, na mgongo unaniuma mpaka kwenye meno.

Mohamedi anakuletea mbao arobaini. Nimegonga kwa nyuma kama ulivyoagiza. Sikuwahi kufikiri nitapokea maagizo ya nyundo kutoka kwa mtoto wa dada yangu, lakini nimeyafuata yote. Ukiona zimepungua, sema.

Mjomba wako,
Kasmiri

Likunja
15 Oktoba 2024

Shikamoo mjomba,

Natumaini mgongo umepoa. Jipake mafuta ya ufuta ya moto, na mama Dafrosa akukande.

Mbao zimefika. Nilipoipitisha randa ya kwanza, wekundu wa mninga ukatoka kama ulikuwa umefichwa tu. Vijana wa hapa karakana wakaacha kazi, wakaja kutazama. Nilifurahi, mjomba, na nilitamani ungekuwepo.

Zitatosha mabenchi manane. Manne yaliyobaki nitatafuta mbao huku huku, wewe usihangaike.

Mpwa wako,
Teodosia

Likunja
7 Novemba 2024

Shikamoo mjomba,

U mzima kweli? Nauliza kwa sababu mizigo miwili imefika bila barua, na mimi hapa kichwa kinaniuma.

Jana nilizitandaza mbao zote uani ili nichague. Lile ghala nalijua, nimecheza humo mimi na dada zangu. Lilikuwa na kuta nne. Mjomba, umeniletea kuta sita.

Halafu kuna ubao una duara jeusi la masizi, kama ulikaa juu ya kibatari miaka mingi. Nani aliwasha kibatari ghalani kwenye ufuta? Na zile papi, mbao nyembamba za mzigo wa tatu, zina matundu ya misumari ya bati, yamepangana vizuri kabisa. Ghala liliezekwa kwa nyasi. Nimemuuliza Mohamedi, anasema yeye hupakia njia panda, unazileta kwa baiskeli, nyumbani kwako hafiki. Vijana wangu wanasema labda umenunua mbao za watu. Mimi sielewi. Nimeweka msumeno chini mpaka unijibu.

Mpwa wako,
Teodosia

Nambambo
13 Novemba 2024

Mpwa wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima sana. Dafrosa yuko Nanganga kwa dada yake, amekwenda kupumzika kidogo.

Ghala lilikuwa kubwa kuliko unavyokumbuka. Ulikuwa mtoto, na watoto hawajui vipimo. Kuhusu masizi, mambo ya zamani ni mengi, siwezi kuyaeleza yote kwenye karatasi moja. Kata mbao, Noeli haimngojei mtu. Je, watoto wanasoma vizuri?

Mjomba wako,
Kasmiri

Likunja
21 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mvua imeanza huku, nadhani na huko.

Watoto wanasoma vizuri. Sasa tuache watoto. Jana mama Dafrosa kaja kwangu kutoka Nanganga na kikapu chake. Alipoona zile mbao uani akakaa chini, akasema, "Mwanangu, hiyo ni dari yangu. Na ile ni sebule." Kisha akaniambia kwamba umelishusha paa la nyumba yako kwa mikono yako, mabati umeyarundika chini ya mkorosho, na wewe unalala kwenye kibanda cha jiko. Alikuuliza unafanya nini, ukamwambia unafanya ukarabati. Akangoja ukarabati huo mwezi mzima, akachoka, akaondoka.

Nina hasira na ninalia, vyote pamoja. Nani alikuomba nyumba? Nilikwambia usihangaike. Una miaka sabini na moja na unalala jikoni wakati wa mvua ili watu wa kigango wakae kwenye benchi. Nieleze, maana mimi akili yangu imefika mwisho. Mbao zote zilizobaki narudisha.

Teodosia

Nambambo
27 Novemba 2024

Mpwa wangu Teodosia,

Salamu. Safari hii sitasema mimi mzima.

Siku ya kwanza nilipogonga ukuta wa ghala, nyundo ilizama kama nimegonga uji. Mchwa. Walikula kwa ndani wakaacha ganda. Ukuta wa magharibi ndio pekee uliokuwa na mbao nzima. Nilikaa pale chini nikacheka, kisha nikaogopa. Nilikuwa nimeshakwambia lote. Ningekuandikia nini? Kwamba mjomba aliyekunyima baraka, alipotaka kukupa kitu baada ya miaka sita, alikuwa na mchwa?

Basi nikatoa dari ya nyumba, nayo ni ya mninga ule ule, maana dari hata haina kazi. Ukaandika vijana waliacha kazi wakatazama. Barua ile niliisoma mpaka ikachanika kwenye mkunjo. Ukasema bado manne. Nikatoa ukuta wa mbao wa sebule. Nikaona bado, nikatoa paa. Kila siku nilijiambia kesho naacha.

Dada yangu Koleta alipokuwa anakufa aliniambia, "Mtoto huyu ni wako." Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Nami nilikuzuia kwa sababu moja tu, niliogopa watu watacheka kwamba mpwa wangu ni fundi mbao. Sikuwa na hekima yoyote nyingine. Nilikosea.

Usirudishe. Ukirudisha hata ubao mmoja, nitajua umenikataa, nami sitaandika tena.

Mjomba wako,
Kasmiri

Likunja
10 Desemba 2024

Shikamoo mjomba wangu,

Sisi hatujambo. Mama Dafrosa bado yuko hapa, anakula, ananung'unika, anawafundisha watoto wangu Kimwera.

Siku tatu sikugusa kitu. Nikirudisha, nimekukataa. Nisiporudisha, nimekuacha kwenye mvua. Nilizunguka uani na futi kamba mkononi bila kupima chochote, mpaka jirani akaniuliza kama nimepoteza pete.

Halafu nikakata. Zote, mjomba. Ile yenye masizi pia. Mabenchi kumi na mawili yamekabidhiwa juzi, na mzee wa kigango aliyapapasa moja moja. Sikukukataa.

Sasa nisikilize, na ukishindwa kusikia, soma tena. Ulinipa nyumba, nami nimeipokea. Kwa mila yetu ingekuja kwangu hata hivyo, wewe umewahi tu. Kwa hiyo nyumba hiyo sasa ni yangu, na mwenye nyumba hapendi kukuta haina paa. Jumatatu tarehe kumi na sita nakuja na Mohamedi, na mbao za msonobari zilizotiwa dawa, na vijana wangu wawili. Kenchi za paa nitapiga mimi. Wewe na mama Dafrosa mtakaa humo kwa ridhaa yangu. Kama una neno, uliseme nikishafika, nikiwa juu ya ngazi.

Mpwa wako,
Teodosia

Nambambo
13 Desemba 2024

Mpwa wangu,

Salamu kwako na kwa wote, na kwa Dafrosa hasa, mwambie kuku wake wametaga.

Barua yako nimeisoma jana na leo. Mpaka sasa sijaelewa kama nimeshinda au nimeshindwa, na hapa hakuna wa kumuuliza.

Sebuleni nimechimba mashimo manne ya nguzo, mahali ulipokuwa ule ukuta wa mbao. Nimepima kwa kamba. Njoo uyakague, na kama yamekaa vibaya nitayafukia nichimbe mengine utakaponionyesha.

Mjomba wako,
Kasmiri