Gurudumu Ulilosuka Kitandani

Baba Neema wangu,

Baiskeli yako bado iko sebuleni, imeegemea kabati la vyombo. Sijaifuta. Alama ya kidole chako yenye grisi ingali kwenye siti, na kila nikifagia napita mbali nayo.

Unakumbuka ile ya kwanza, uliyoinunua dukani ikiwa imeshafungwa kila kifaa? Iliachia pedeli ukiteremka mlima wa Nduruma, ukarudi nyumbani unaisukuma, suruali imechanika gotini. Nilikucheka. Ukasema, "Nyingine naifunga mwenyewe, Mama Neema. Ikiniangusha, nitajua wa kumgombeza."

Ulianza kuifunga hii wakati ugonjwa umeshakuzuia kwenda kazini. Fremu ya mtumba, ringi mpya, spoku ndani ya kopo la maziwa. Gurudumu la nyuma ulilisuka umekaa kitandani, mimi nikikupa spoku mojamoja, nawe ukipumzika kila baada ya chache. Ulipomaliza tukaona spoku mbili zimekatiza pale pa kujazia upepo; mdomo wa pampu hauingii. Nilidhani utalia. Ukanitazama, ukasema, "Basi wewe utazivuta pembeni, mimi nipige pampu. Hii ni baiskeli ya watu wawili." Tukaijaza hivyo, tunacheka, mpaka ukaanza kukohoa.

Ulitaka kuiendesha hadi kwenu Maji ya Chai, mama yako aione. Hukufika nayo hata getini.

Baada ya mazishi mdogo wako akaniambia, "Shemeji, ipeleke kwa fundi itumike. Hapo itaoza." Nikaisukuma mpaka Daraja Mbili. Fundi akainama, akacheka kidogo.

"Nani kasuka hii, mama?"

"Mume wangu."

"Mwambie hapa alikosea. Naifumua yote, jioni unaikuta iko sawa."

Nikamwambia asiiguse. Nikaigeuza, nikarudi nayo.

Leo tairi la nyuma limeisha upepo. Nimejaribu peke yangu: mkono mmoja kwenye spoku, mwingine kwenye pampu, ringi nimeibana kwa goti. Kila nikisukuma, mdomo wa pampu unachomoka. Mdogo wako alikuwa uani, angekuja kunisaidia. Sikumwita.

Nimeirudisha kwenye kabati, imekalia ringi. Itakaa hivyo.

Pumzika, mume wangu. Mkono wangu bado unajua mahali pa kuvuta.

Mkeo,
Mama Neema