Maranda ya Kifuniko

Mabawa, Tanga
12 Mei 1956

Kaka Timotheo,

Sisi wazima. Masika yameangusha ukuta wa jiko, na Mama anakusalimu, ingawa magoti hayamwachi alale.

Barua yako nimeipata. Yote ni habari ya randa za Baba: nizifunge vizuri kwenye gunia, nimpe mtu anayekuja Mombasa akuletee. Hukuuliza Baba alizikwaje.

Basi nikwambie. Ulipoondoka, Baba alizifungia randa sandukuni. Nilipomwomba nizipake mafuta tu, alinikaripia: "Ziache! Hizo za Timotheo. Mwanamke hashiki randa." Zikaliwa na kutu zikikungoja wewe. Siku aliyofariki, fundi seremala jirani alikuwa Pangani, na maiti haingoji. Nikavunja kufuli. Nikasugua kutu kwa mchanga na mafuta ya taa, nikanoa vyuma kwenye jiwe la Baba mpaka vikanyoa malaika ya mkono wangu, nikazipiga randa mbao za jeneza kama nilivyomwona akifanya tangu utoto wangu. Mchungaji alipopapasa kifuniko, alidhani umerudi.

Sasa natengeneza milango ya nyumba za Raskazone. Randa sikuletei.

Lakini usije ukasema nimekudhulumu. Fungua bahasha taratibu, nimekutilia humo maranda yaliyodondoka nilipokipiga randa kile kifuniko. Hilo ndilo fungu lako.

Dada yako,
Yudith