Ng'ombe Nampa, Mwanangu Namnyima

Mshauri wangu mpendwa, salamu kwako na kwa wote hapo gazetini, na baada ya salamu naomba unisaidie maana nshachoka, nimechoka mwili na nimechoka roho, na haya ninayokuandikia sijamwambia mtu yeyote hapa Bububu, hata mume wangu.

Sisi tunafuga ng'ombe, mmoja tu kila mara, tunamfunga chini ya minazi nyuma ya nyumba. Miaka minne nyuma tulikuwa na mtamba, mdogo bado, akapandwa na dume kubwa la shamba la pili, na siku ya kuzaa ndama akakwama, kutwa nzima tunavuta na kuomba Mungu, mwisho akafa yeye na ndama wake tumboni. Mavyaa wangu Bi Kidawa, mama wa mume wangu, ambaye amezalisha nusu ya wanawake wa mtaa huu, akasema kosa ni letu, tumemnenepesha, ndama kakua kupita njia yake, na kuanzia siku hiyo akakataza ng'ombe mwenye mimba kupewa chochote zaidi ya majani, tena kwa kamba fupi. Tukamtii. Ng'ombe wa pili, huyu Tulia tuliye naye, alizaa upesi kweli, na Bi Kidawa akapiga makofi, "Mmeona? Katoa kama anapiga chafya!" Lakini ndama mwenyewe, Mshauri, nilimbeba kwapani kama mtoto wa mbuzi, hakuweza kusimama, na mama yake hakuwa na dang'a, yale maziwa ya mwanzo, ya kumpa, kiwele kimelegea kama soksi, na siku ya tatu tukamzika. Hilo hakuna aliyelisema. Kila mtu alisema Tulia kazaa salama.

Mimba iliyofuata tukafanya yale yale, ndama akaishi, mtamba, sasa ana miezi kumi, na ukimwona utasema ana minne. Jirani yetu Machano ana ndama wa mwezi ule ule na dume lile lile, basi huyo wa kwake anamvuta mtu mzima. Nikamuuliza unampa nini mama yake, akacheka, "Bi Mwanamwema, nampa chakula, nimpe nini? Machicha ya nazi, majani ya viazi, pumba nikizipata." Na ng'ombe wake alizaa bila ya kuvutwa na mtu. Nilirudi nyumbani nikaenda moja kwa moja kumtazama Tulia kwenye kamba yake fupi.

Tulia sasa ana mimba nyengine ya miezi mitano, na mwezi wa pili huu nampa machicha kwa siri, Bi Kidawa akiwa ndani anasali.

Sasa nakuja kwenye shida yangu. Mwanangu Shemsa amerudi kwetu kuzalia, mimba yake ya kwanza, miezi saba, na Bi Kidawa amemwekea utaratibu ule ule. Mayai hapana, maziwa hapana, samaki kipande cha kulamba, asubuhi chai kavu na muhogo, jioni uji mwepesi, ili mtoto awe mdogo atoke kwa wepesi. Na anayempimia chakula hicho ni mimi. Mikono yake imekuwa vijiti. Wiki iliyopita baada ya alasiri nilikwenda nyuma minazini nikamkuta amechuchumaa kwenye ndoo ya Tulia, anakula machicha, anayajaza mdomoni kwa vidole. Nikapiga kelele, "Shemsa! Una wazimu?" Akaniambia, "Mama, nna njaa tu." Wallahi, Mshauri, nilimnyang'anya ile ndoo. Nilimnyang'anya nikamwekea ng'ombe.

Mimi si mjinga, naona ninachofanya. Lakini ng'ombe akifa ni ng'ombe. Nikimlisha Shemsa halafu mtoto akakwama kama alivyokwama yule ndama, Bi Kidawa na ukoo mzima watasema nimemuua mwanangu kwa ubishi wangu, na mimi mwenyewe nitasema hivyo hivyo mpaka naingia kaburini. Nimefikiri labda ningoje Tulia azae nione mambo yatakwendaje, nikiona kazaa salama na ndama mzima, hapo nitakuwa na ushahidi wa kumwambia mavyaa wangu. Je, nangoja, au nifanyeje? Nijibu upesi, tafadhali.

Mwanamwema binti Mcha,
Bububu, 1955

JIBU

Bi Mwanamwema, barua yako nimeisoma nikaiweka, nikainua tena, kwa sababu sikuamini. Tulia atazaa baada ya miezi minne. Shemsa atazaa baada ya miwili. Unataka mwanao angoje ng'ombe azae ndipo apewe yai? Hesabu hiyo umeifanya kwa kichwa gani, bibi wewe?

Nakuonea huruma, usidhani sikuonei. Kuvuta ndama aliyekufa kutwa nzima si jambo la kusahau, na mavyaa wako si mtu mbaya, anaogopa kama unavyoogopa wewe. Barua za hofu hii zinanijia kila mwezi, kutoka Jambiani, kutoka Fumba, kutoka humu humu mjini, na nimechoka kuzijibu, lakini nitajibu na yako.

Nimemuuliza bwana mifugo, akatikisa kichwa. Mtamba wenu wa kwanza hakuuliwa na chakula. Alikuwa mdogo, nyonga bado nyembamba, mkampandisha na dume kubwa. Kosa lilikuwa hapo. Mkaliacha dume na umri wa mtamba, mkakikamata chakula. Ukimnyima mama, ndama hutoka mkavu, hana nyama wala joto, na mama naye anakosa nguvu za kusukuma na maziwa ya kumlea. Miezi ya mwisho ndiyo ndama anapojaza mwili wake, na ndiyo nyinyi mnapofupisha kamba! Yule mliyemzika alikufa kwa njaa aliyoanza nayo tumboni. Na huyo mtamba wenu aliyedumaa msimharakishe kwa dume, maana mwili mdogo ndio unaokwamisha.

Tulia mwongeze machicha kidogo kidogo, asije akavimbiwa, na majani ya viazi, na maji ya kutosha. Ikibaki miezi miwili azae, acha kumkamua, hata nyumba nzima ikinywa chai kavu. Na umpe mchana, watu wakiona. Biashara ya kujificha ndani ya nyumba yako mwenyewe iishe.

Haya, Shemsa. Leo hii, si Ijumaa, leo, mpikie samaki mzima na mchicha wa nazi. Kesho yai, na maziwa ya Tulia yachemshwe anywe yeye kabla ya mtu mwengine. Kunde, choroko, papai, ale mpaka aseme basi. Wiki hii hii mlete hospitali mjini apimwe nyonga na damu, na uwaambie ukweli wote jinsi alivyokuwa akila, usione haya, haya hizo ungeziona ulipokuwa na ndoo mkononi. Kama njia yake ni nyembamba watakuambia mapema, na atazalia huko huko penye daktari. Hiyo ndiyo dawa ya mtoto kukwama. Njaa si dawa.

Bi Kidawa usimgombeze. Mpigie magoti kama desturi, mwambie, "Mama, chakula cha Shemsa nakibeba mimi shingoni kwangu." Atakasirika, atanuna, pengine atafunga mkoba wake aende kwa mtoto mwengine. Mwache anune. Mume wako mwambie kabla yake, asisikie barazani.

Siwezi kukuahidi uzazi mwepesi. Hilo sina mimi wala hana mavyaa wako. Ninachojua ni kuwa miezi miwili iliyobaki ni mingi kwa aliye tumboni, na kila siku unayongoja inatoka mwilini mwake.

Ukimaliza kusoma hapa, nenda kwa Shemsa kabla hujakwenda kwa mtu yeyote. Muombe radhi. Kisha muwekee sahani mbele yake. Hatathubutu kula ukiwa unamtazama, umemfundisha hivyo wewe mwenyewe. Basi kaa chini, nawa mkono, ule naye.