Ndege Iko Mikononi Mwangu

Kambi ya Wafanyakazi, Chumba Na. 14,
Uwanja wa Ndege.
3 Machi

Mpendwa dada,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo wewe? Na shemeji je, mgongo umemwachia? Watoto wanaendeleaje? Mimi mzima, ila viganja vimepasuka kwa sabuni na kalamu inaniuma kuishika. Ukiona mwandiko umepinda usidhani nimelewa.

Barua yako niliipata Ijumaa, nimeisoma mara nne. Daktari amesema mama afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho kabla ya mwezi wa sita, la sivyo hilo jicho moja lililobaki nalo litazimika. Hapo nilishtuka. Lakini kilichonimaliza ni jibu la mama mwenyewe: "Nina mwana mwenye ndege, nikarushwe-rushwe kwenye basi kutwa nzima kwa nini? Nitamngoja aje anichukue."

Dada, mimi si rubani. Sijawahi kuwa rubani hata siku moja. Naosha ndege.

Kosa lilianza na maneno yangu. Mwaka ule wa kwanza niliandika, "Ndege ya serikali iko mikononi mwangu." Nilikuwa na maana ya tambara na ndoo. Wewe ukamsomea mama, mama akasikia usukani. Ukanijibu kwamba amewatangazia majirani wote, na yule mwenye duka sasa anamwita Mama Rubani. Kalamu nilikuwa nayo, karatasi ilikuwapo. Nikanyamaza. Kwanza kwa aibu, halafu, nisikufiche, kwa raha.

Tena sikunyamaza tu, nilikoleza. Zile habari za ndege nilizokuwa nikiwaandikia ni za kweli, lakini ni za mtu wa chini. Najua ina urefu wa mita thelathini na tisa na nusu kwa sababu nazitembea na brashi, kutoka pua hadi mkia. Ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni mita thelathini na nne, na tumbo lake huoshwa ukiwa umelala chali, maji machafu yakikuingia shingoni. Injini ni mbili, na mdomo wa kila moja ni mpana kuliko mlango wa nyumba yetu.

Ndani ina ujia mmoja tu katikati. Ndege za namna hii hubeba watu kama mia moja na sitini, watatu huku na watatu huku, lakini hii viti viling'olewa vikabaki hamsini na sita. Mbele wakaweka meza, makochi na kitanda cha mkubwa. Kitanda hicho nimefuta miguu yake tu. Fundi wa injini ndiye aliyeniambia kwamba inakwenda kilomita mia nane na arobaini kwa saa. Ingefika huko kwetu kwa saa moja na nusu. Mimi na basi ni siku mbili.

Wenzangu wananiita Profesa kwa ajili ya hizo namba. Msimamizi akinikuta nimeduwaa hupaza sauti, "Wee Profesa, sugua! Ndege haina mtihani!" Wote hucheka, nami hucheka nao.

Ila pale uliposema kwamba mama akisikia ngurumo angani hutoka nje akishika ukuta, akapunga mkono upande ilikotoka sauti, chakula kilinishinda. Anawapungia watu wasiomjua. Mimi saa hiyo nakamua matambara.

Nimeomba ruhusa ya siku kumi na nne. Msimamizi alinung'unika, akauliza nani atalala chini ya tumbo, kisha akatia sahihi. Napanda basi Jumapili ya tarehe ishirini, nitafika Jumanne jioni. Alhamisi tunampeleka mama hospitali, kwa basi hilo hilo analolikataa. Nitakaa ubavuni pake, barabara ikiwa mbaya ataniegemea. Akitaka kunitukana ana kutwa nzima, na mimi sitakuwa na pa kukimbilia.

Nakuomba jambo moja. Nakujua, utataka kunifichia. Usinifichie. Mketishe umsomee barua hii kwa sauti, na usiruke hata mstari mmoja. Mwanawe mwenyewe hajawahi kuruka.

Nisalimie shemeji, watoto, na mjomba wetu fundi cherehani. Mwenye duka naye umsalimie, umwambie arudie kumwita mama kwa jina lake la zamani.

Mungu amtunzie mama hilo jicho moja mpaka Jumanne. Nataka anione nilivyo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa moyo wote,
Mwosha ndege