Waifai ya Kanisa

Victoire, niko nje ya kanisa, kurudi ndani siwezi. Eish!

Si unajua laptop ya Pasta ilikuwa haishiki waifai? Leo nimeifungua, nimeweka kadi mpya ya waifai na draiva, programu ya kuiendesha. Projekta inawaka, kanisa zima linatazama ukutani.

Mtandao wa kwanza kutokea? Wa ile baa ya kona hapa La Rochelle. Ile ile Pasta anayoilaani kila Jumapili!

Nikasema, "Pasta, huu unataka neno la siri."

AKANITAJIA. Pasta! Herufi kwa herufi, bila kusoma popote!

Nikaandika, ikakataa.

Halafu Mama Agnès, kiongozi wetu wa mfungo, akasema taratibu: "Hilo la zamani, Pasta. Walibadilisha Ijumaa."