Mota ya Baba Shadya

Jumanne, wanangu wamelala.

Sijui ule ujasiri niliutoa wapi. Leo ilikuwa zamu ya mtaa wetu kupata maji, lakini bomba letu huku mwisho likawa linatoa hewa tu. Nepi zimejaa beseni. Nikajua Baba Shadya, jirani wa kule juu bomba linakoanzia, kawasha tena mota, anavuta maji moja kwa moja kwenye bomba la mtaa.

Nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda kugonga.

"Shikamoo, baba. Naomba uzime mota, sie wa chini hatupati kitu."

"Marahaba. Si ununue yako?"

"Tukinunua wote, tutakuwa tunanyang'anyana hewa."

Mkewe akacheka huko ndani. "Kakuweza, mume wangu. Zima."

Akazima. Tukakubaliana maji yaingie kwanza yenyewe kwenye simtanki lake la chini, ndipo mota iyapandishe kwenye tanki la juu. Naogopa zamu ijayo atasahau. Basi nitagonga tena.

Kurudi, maji yanatoka, na majirani wananipisha nikinge wa kwanza. Nikamwambia Mama Neema, mwenye mapacha, atangulie. Mie miguu ilikuwa inaniuma, ila nilitaka nisimame kidogo niyaangalie maji yakitoka.